Mshenga Aliyeomba Maji

Tajiri Mwinyihaji alijigamba kwamba anajua lugha zote za kigeni, akaapa kutomwoza bintiye Sauda mpaka mshenga aje na lugha asiyoijua. Waliokuja na Kichina na Kirusi aliwafukuza, akidai zote anazijua.

Ndipo kijana aliyependana na Sauda akamtuma Bi Kazija awe mshenga wake. Mbele ya wazee, Bi Kazija alizungumza lugha ngeni kwa ufasaha, mikono ikifuata maneno.

"Hiyo naijua tangu utotoni," tajiri akasema.

"Nimesema nini, bwana?"

"Umemposa binti yangu."

"Binti sijamtaja. Nimeomba maji ya kunywa."

Wazee wakaona tajiri haijui lugha hiyo. Wakasoma fatiha ya posa.

Siku ya kupakwa hina, Sauda akamnong'oneza, "Ile ni lugha ya wapi, Bi Kazija?"

"Sijui, mwanangu. Hata mimi ndiyo kwanza nilikuwa naisikia."