Aliyeitwa Dada

Wapendwa, leo tunakwenda India. Nauli msiniulize.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyempeleka mama yake kutibiwa huko, mji wa Kolkata. Siku moja kabla ya kurudi nyumbani alikwenda kuchukua dawa za mama, za miezi mitatu, mfuko mzima. Akajiambia, hivi nirudi kwetu bila hata kuuona mji? Akaingia mtaani na mfuko wake.

Mji wenyewe! Honi haziishi, ng'ombe kalala katikati ya barabara na mabasi yanamzunguka. Na kila kona wanaume wanamwita: "Dada! Dada!" Mengine haelewi, ila hilo analielewa. Mwanamume mzima, na ndevu zake, anaitwa dada? Akameza. Wa kwanza akameza, wa kumi akameza.

Jua likamchosha, akapanda kigari cha abiria kinachovutwa na mtu kwa miguu. Aliyekivuta alikuwa mzee, pekupeku. Akamzungusha mpaka darajani, akamshusha, na bwana wetu akajitosa kwenye umati.

Mara, nyuma yake: "Dada! Dada!" Ni yule mzee, anakimbia huku anahema. Hapo uvumilivu ukamwisha, akamzaba kofi. Na kofi lile, wapendwa, lilikuwa la wale kumi wote.

"Mimi dada yako?"

Mzee akayumba, akashika shavu kwa mkono mmoja, asirudishe. Akanyoosha mkono wake wa pili, na mkononi mna mfuko wa dawa. Bwana alikuwa ameusahau kitini. Mzee akauweka miguuni pake, akaondoka.

Muuza chai aliyekuwa karibu akamuuliza kwa Kiingereza, "Umempigia nini?"

"Ameniita mwanamke!"

"Nani kakwambia? Dada kwetu ni kaka mkubwa. Mzee wa umri ule amekuheshimu wewe."

Ndugu zangu, aibu ile angeificha wapi? Alikimbia kumtafuta. Vigari vilikuwa vingi, na migongo iliyoinama yote ilifanana. Amwite nani, na jina halijui? Basi akaanza, mwanamume mzima katikati ya mji wa watu: "Dada! Dada!" Wakageuka wanaume ishirini. Mzee hakuwamo.

Jioni mama akameza dawa zake, akauliza, "Mji ulikuwaje, mwanangu?" Akaufunga ule mfuko wa dawa, akautia sandukuni.

Mnacheka? Msimcheke. Sisi mkwe akinyamaza, tunasema anatudharau. Jirani akiuliza hali ya watoto, tunasema anatuchunguza. Tunatafsiri kwa lugha yetu wenyewe, tunazaba, na mkono wa pili hatujautazama umebeba nini. Mimi mwenyewe ninayesimama hapa nimezaba, na ninaona haya.

Je, wewe uliyemzaba ni nani? Yule bwana hakuwa na jina la kuita. Wewe jina unalo, na nyumba yake unaijua. Ukitoka hapa, usipitie kwako kwanza.