Mlango Uliopungua Vidole Viwili

Paukwa!
*Pakawa!*
Mliojibanza kule nyuma sijawasikia. Paukwa!
*Pakawa!*

Hapo kale, kabla babu wa babu zetu hawajaota meno, palikuwa na kijiji. Vijana wake walisoma chuoni asubuhi. Walipofikisha miaka kumi na sita, mchana walipelekwa kwa mafundi, misimu minne, wajifunze kazi ya mikono.

Wasichana wote, isipokuwa mmoja, wakaenda kwa wasusi wa mikeka. Walikwenda kundi moja, wakicheka njia nzima. Mwantumu peke yake akapelekwa kwa seremala.

Seremala huyo ni Mzee Semboja, ambaye mpaka leo tunamkumbuka. Karakana yake ilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya mtama. Mke hana, jirani hana. Maneno yake ya siku nzima yangejaa kiganja kimoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Shika randa."

Shwaa, shwaa, ikaenda randa. Krii, krii, ukaenda msumeno. Ko! Ko! Ko! ikagonga nyundo kwenye patasi. Jioni ikafika. Mwantumu akafagia maranda, akarudi peke yake katikati ya mtama. Kesho hivyohivyo. Shwaa, shwaa. Krii, krii. Ko! Ko! Ko! Misimu minne.

Mwantumu alikuwa mwoga wa kukosea. Kila kitu alikipima mara tatu. Usiku alilala akihesabu vidole.

Ukafika mlango wake wa kuhitimu. Desturi ilikuwa hivi: mwanafunzi hutengeneza mlango wa nyumba ya mtu, huutia mwenyewe mbele ya kijiji, na fundi wake habanduki karakanani. Ukifunga kabla jua halijazama, wewe ni fundi. Mlango usipofunga, utaubeba kichwani mbele ya watu, na ufundi umeisha.

Nyumba ilikuwa ya Bi Mkunde, mjane. Mlango wake ulioza. Pengo aliliziba kwa jamvi, na fisi alikwishapita akachukua mbuzi.

Mwantumu akaenda kupima. Kimo alikichukua kwa ufito, akaukata palepale. Upana akaupima kwa ukanda wa ngozi wa Mzee Semboja, wenye alama zilizochomwa kwa moto. Siku hiyo mvua ilinyesha. Alipima mara tatu. Mara zote tatu alipata alama tisa.

Akarudi, akautundika ukanda ukutani ukakauka. Kesho yake akapima mbao. Alama tisa. Akakata.

Siku ikafika. Watu wakajaa. Mwantumu akasimamisha mlango, akausukuma. Kimo sawa. Ubavuni, mwanga! Nafasi ya vidole viwili, toka juu mpaka chini.

"Huo mlango au ufito?" akauliza mmoja.

"Bi Mkunde, mfahamishe fisi apite ubavuubavu!"

Kwa! Kwa! Kwa! wakacheka. Bi Mkunde hakucheka. Alilitazama jamvi lake.

Mwantumu akaubeba mlango kichwani. Hakuna aliyemsogelea. Hata wasichana wa mikeka walitazama chini. Alipofika kwenye mtama, uzito ukapungua ghafla. Akageuka. Mzee Semboja alikuwa ameshika upande wa pili.

"Babu, desturi..."

"Vicheko nimevisikia kutoka karakanani. Twende, jua bado lipo."

Walipofika, mzee akasema, "Sufuria ya gundi imo ndani kwangu. Kailete."

Misimu minne, na Mwantumu hakuwahi kuingia nyumba ile. Alipousukuma mlango, akauona: ubavuni umeungwa kipande cha mti mwingine, cheusi kwa uzee, kipana vidole vitatu.

Akatoka na gundi. "Babu, mlango wako ulipungua?"

"Ulipungua."

"Ukanda?"

"Ukanda. Mvua ilinyesha. Ngozi ikilowa hurefuka, alama zikaachana. Ikikauka hurudi."

"Ulijua! Mbona hukuniambia?"

Mzee Semboja akashika ukingo wa meza. 

"Niliona haya," akasema. "Niliubeba peke yangu. Ufundi nikaufuata kijiji kingine. Niliporudi nikajenga huku, wasije wakaona mlango wangu."

 Mwantumu akachukua randa. Shwaa, shwaa, ubao mwembamba. Gundi. Ko! Ko! Ko! misumari ya mti. Mzee akashika, yeye akagonga.

Jua likiwa juu kidogo ya mtama, wakaubeba wawili mpaka kwa Bi Mkunde. Watu bado wapo. Mwantumu akausukuma.

Pa!

Ukafunga. Mzee Semboja akawageukia watu. Hakuwahi kusema mbele yao. "Wake ulipungua viwili. Wangu, vitatu. Kosa ni lilelile, nami nilimficha. Mcheke sasa."

Hakuna aliyecheka. Kutoka ndani Bi Mkunde akaita, "Mwanangu, nimeshaweka komeo. Nendeni mkalale."

Mzee Semboja hakugeuka msemaji. Aliishi huko huko, akafia huko huko. Lakini kila mwanafunzi aliyempokea baadaye alipelekwa kwanza kwenye mlango ule, akaambiwa, "Gusa hapa. Hapa nilikosea."

Basi wanangu, fundi anayeficha kosa lake humwachia mwanafunzi alirudie peke yake. Anayejua, aseme.

Hadithi yangu imefika kizingitini, na hapo naiacha.