Matanga ya Gunia la Mahindi

Kaeni vizuri, na anayetafuna atafune kimya.

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na mashamba na majirani wa kuwasema, Ndovu alikwenda kusoma ng'ambo ya mto mkubwa. Akarudi na miwani, cheo cha Daktari, na sanduku la chuma alilombebesha Kifaru. Kifaru hakusoma hata herufi moja, lakini aliringa kuliko msomi mwenyewe. Watu hao mnawajua.

Wakati huo dumuzi, wale wadudu wa ghalani, walikuwa wameingia kijijini. Kre-kre-kre! Usiku na mchana, mahindi yakawa vumbi. Na kila mwaka Ndovu alikuja kuwahesabu.

Mwaka wa tatu akafika kwa Bi Kindi, mjane mwenye watoto watano na gunia moja lililobaki. Mavuno yalikuwa miezi minne mbele.

"Hodi! Bi Kindi, mwaka huu una dumuzi wangapi?"

"Karibu, Daktari. Sijawahesabu. Wananipa nafasi basi?"

"Na wanapokula mahindi yako, unajisikiaje?"

"Najisikia njaa."

Ndovu akaandika: anajisikia njaa. Kisha akachota sufuria mbili za mahindi.

"Sampuli," Kifaru akatangaza, kama anayetaja jina la baba yake.

"Mwaka juzi ulichota, mwaka jana ukachota," akasema Bi Kindi. "Dawa umeiona au hujaiona?"

"Majibu yamo sandukuni, mama. Lakini lazima kwanza wasomi wenzangu wa ng'ambo wayasome, wayajadili, wanirudishie, nami niyaandike upya."

"Mpaka lini?"

"Miaka miwili hivi. Mitatu, wakigombana."

"Daktari, wanangu wana gunia moja tu!"

"Pole sana. Na hilo nitaliandika."

Bi Kindi hakubishana. Mdogo akibishana na mkubwa anapoteza mate bure. Alilitazama tu lile sanduku, na kufuli lake kubwa kama ngumi.

Kesho yake asubuhi, kijiji kikasikia: "Uwiii! Uwiii! Nimefiwa mimi!"

Wakaja wote, kanga viunoni, kuni vichwani, kama watu wanavyokwenda msibani. Uani wakakuta mkeka, na juu ya mkeka kitu kinene kimefunikwa shuka jeupe.

"Nani kafa?" akauliza Mama Nungunungu, mfinyanzi.

"Gunia langu la mahindi! Limeugua miaka mitatu, leo limekata roho!"

Wengine waliziba midomo wasicheke. Lakini msiba ni msiba, wakakaa. Ndovu na Kifaru nao wakaja, maana mgeni akikosa msibani husemwa mpaka kwao.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi: marehemu hafukiwi mpaka yaelezwe maradhi yake, yalianzaje na yalitibiwa vipi. Bi Kindi akasimama, akafuta machozi ambayo hayakuwapo.

"Jamani, marehemu alikuwa na daktari wake. Mwaka wa kwanza alimpima. Wa pili akampima. Jana kampima tena. Msimlaumu! Maskini, hakujua dawa."

"Miaka mitatu hajui?" Mama Nungunungu akasonya. Mfyuuu! "Bibi yangu kipofu angekuwa ameshapata kitu."

Masikio ya Ndovu yakaanza kupiga. Pwata! Pwata!

"Tulia, Mkubwa," Kifaru akanong'ona. "Wa ng'ambo hawajasoma."

"Mwacheni," akasema Bi Kindi kwa huruma nyingi. "Sanduku zima limejaa kutojua. Haya, mfukieni marehemu."

"Nani hajui?" Ndovu akapiga mkonga, paaaa, shuka likayumba. "Mimi nimejua tangu mwaka wa kwanza!"

Bi Kindi akamgeukia.

"Umejua nini?"

"Dumuzi anavuta pumzi kama wewe! Kausha mahindi mpaka yalie kama kokoto, jaza chupa ya kioo, ziba hewa isipite. Siku kumi na nne, wamekufa wote! Nimewaua mwenyewe, elfu tatu na mia sita!"

"Tangu mwaka wa kwanza," Mama Nungunungu akarudia, taratibu. Ndovu akaangalia miguu yake.

"Na chupa za kioo tutazitoa wapi?" akauliza Bi Kindi.

"Hilo si somo langu."

"Ni langu," akasema Mama Nungunungu. "Nina mitungi arobaini."

"Haifai! Udongo unapitisha hewa," Ndovu akadakia. Msomi hawezi kuona kosa akalinyamazia.

"Lo! Tuupake nini basi, Daktari wetu?" akauliza Bi Kindi.

"Nta ya nyuki, ndani na nje, na kifuniko ukizibe vivyo hivyo..."

"Mkubwa!" Kifaru akalia. Too! Sanduku likamwangukia mguuni.

"Ahsante," akasema Bi Kindi. Akavuta shuka, akafungua gunia: pumba tupu! "Mahindi yangu yapo uvunguni. Hayajafa, yalikuwa yakimsubiri daktari."

Walicheka mpaka mkeka ukachanika. Na zile kuni za msiba ndizo zilizoyeyusha nta siku ileile. Siku ya kumi na nne Bi Kindi akaweka sikio kwenye mtungi. Hakuna kre. Watoto wake wakala mpaka mavuno.

Ndovu je? Alirudi kwake akakuta ghala lake mwenyewe vumbi tupu. Muuaji wa dumuzi elfu tatu na mia sita hakuwahi kuziba hata kibaba kimoja cha kula! Akaja kwa Bi Kindi, mkonga chini.

"Hodi. Naomba mtungi mmoja."

"Karibu. Una dumuzi wangapi?"

"Bi Kindi, tafadhali."

"Na wanapokula, unajisikiaje?"

"Najisikia njaa."

"Basi chukua huo hapo. Mimi sina sanduku."

Wajukuu zangu, ujuzi ukifungiwa sandukuni, wanaoshiba ni dumuzi.