Wajumbe Watatu wa Digidigi

Hadithi ipite?
Ipite!
Ipite wapi?
Masikioni!
Basi wewe unayetafuna muwa, acha kwanza, ipate njia.

Hapo kale, kale sana, Chui alimwandama Digidigi kila aendako. Digidigi alikuwa na mtoto mmoja tu, kamficha kichakani. Akimfuata mwenyewe, Chui atafuata nyayo. Ikabidi ampelekee dada yake ujumbe, ng'ambo ya mto, aje kumchukua mtoto.

Akachora njia ya kufika kichakani kwenye gome, akalifunga kwa majani matatu, kila jani na fundo lake. Kila mjumbe atafundishwa fundo moja tu, na ndani atakuta jina la mwenzake anayefuata, basi; hakuna atakayemfikia mtoto peke yake. Lakini wajumbe waaminifu atawatoa wapi?

Akaja mmoja wa kijani. "Naitwa Bwana Jani. Mwaminifu! Muulize Vumbi."

Akaja wa kahawia. "Naitwa Vumbi. Jani? Mtu safi kabisa! Hata Ndizi anamjua."

Akaja wa manjano. "Ndizi ndiye mimi. Jani na Vumbi nawaapia!"

Wote watatu walitembea hatua moja, wakapumzika. Wote macho yaliwazunguka huku na huku. Digidigi hakuona. Mnacheka? Mngekuwa na mtoto kichakani, nyie mngeona?

Ila kwao Digidigi mjumbe hatumwi na njaa. Akapika ugali, akawaita wote sinia moja.

Akaingia Jani. "Wenzako wako wapi?" "Ngoja niwaite." Akajikokota nje. Ugali ukapoa.

Akaingia Vumbi. "Jani je?" "Ngoja nimwite." Akajikokota nje. Ugali ukakauka.

Akaingia Ndizi, anahema, mguu mmoja wa kijani, mkia wa kahawia.

"Bwana Ndizi, huo mguu wa nani?"

"Nimeazima kwa Jani."

"Ala! Kinyonga! Nani kakutuma?"

"Chui," akalia Kinyonga. "Kaniahidi nzi, mama, nzi wanono!"

 Kidogo tu Digidigi ampe mmoja mafundo yote matatu, amuuze mwanawe! Akamfukuza Kinyonga kwa mwiko.

Akawaita Kobe, Kunguru na Nungunungu. Wakaja wote watatu, wakapeana migongo, wakagombania ukoko mpaka sinia likapinduka.

"Hawa ndio!" Digidigi akashangilia. "Hata salamu hawapeani, njama watapangaje?"

Gome likafika ng'ambo, fundo kwa fundo; jua halijazama, mtoto yuko kwa mama mkubwa, ananyonya. Chui mpaka leo anamsubiri Kinyonga amletee habari, na mwendo wake mnaujua.

Basi wanangu, ukitaka kuwapa siri watu watatu, hakikisha kwanza ni watatu.

Hadithi imepita. Mkiulizwa nani kawapa?
Hatumjui!