Kamera ya Tajiri Badawi

Palikuwa na tajiri mmoja wa soko la Makorongoni, Badawi, aliyetaka kamera inayoona wezi tu. Si watu wote, wenzangu. Wezi tu! Mtu mwema akipita, kamera ifumbe jicho.

Badawi aliuza maharage kwa kopo. Ila kila aliyenunua makopo manne, akifika nyumbani akapima kwa kopo lake, anakuta matatu na kitu. Watu wakaja juu. Badawi akapaza sauti hadi kwenye mabucha: "Mlinzi wangu huyo! Si ndiye anayekagua vikapu langoni? Anayachota humo!"

Mlinzi ni Chande, mtu mpole, miaka kumi na tisa langoni, hajawahi kutafuna hata punje moja ya pale. Badawi akatangaza kwamba ataweka kamera, na baada ya juma moja Chande atalala polisi.

Sasa sikieni roho ya mtu ilivyo. Fundi wa kamera pale mjini alikuwa mmoja, anaitwa Tabu, naye ni mke wa Chande. Badawi alijua. Alimwita makusudi, ili amtie mumewe ndani kwa mikono yake mwenyewe.

Tabu akaja na ngazi begani.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba. Nataka kamera ya bei kubwa kuliko zote."

"Bei haioni, tajiri. Wewe unataka kuona nini?"

"Mwizi!"

"Yuko wapi?"

"Ningejua, ningekuita wewe?"

"Basi chukua ya waya. Ghala lako ni zege na bati tupu. Isiyo na waya itakatika kila mara, mwizi utamwona nusu."

"Nusu sitaki. Nataka mzima."

"Jicho pana au jembamba?"

"Yana tofauti gani?" Badawi aliuliza, kisha akakohoa haraka. "Najua, ila sema wewe."

"Pana linaona umati, na sura zinakuwa ndogo. Jembamba linaona mtu mmoja, mpaka kucha."

"Jembamba! Na lione wezi tu. Sina haja ya kutazama wateja wangu wakijikuna."

"Wezi tu?"

"Umeziba masikio?"

"Itawezekana. Nilifunge wapi?"

"Pale maharage yanapopungua! Hilo nalo la kuuliza? Ufundi gani huo?"

"Na atakayeonekana je?"

Wateja walikuwa wamesogea kusikiliza. Badawi akapanda juu ya gunia, maana alipenda sana kusikilizwa. "Atakayeonekana ndiye mwizi! Awe ndugu yangu, awe nani, anakwenda polisi!"

Tabu akawageukia watu. "Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Ijumaa, Badawi akiwa msikitini, Tabu akaifunga kamera. Kitu chenyewe hakizidi kifuniko cha soda. Badawi aliporudi aliona waya umepita langoni, kwenye mita ya umeme, akatosheka. Hakuuliza kamera iko wapi. Alikuwa mtu wa namna hiyo, bora apotee njia kuliko fundi ajue kwamba hajui.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Chande alikuwa hali chakula, anapepesa macho tu. "Mke wangu, na picha ikinisingizia?" Tabu akamsukumia sahani. "Picha haina chuki na wewe. Kula."

Juma likaisha. Badawi akaita soko zima. Runinga ikawekwa juu ya magunia, na askari akaletwa mapema kabisa na pingu zake, akapewa kiti na soda. Chande alisimama mbele, jasho linamtiririka. Tabu aliukausha uso. Akawasha.

Ikaonekana mikono miwili. Mmoja una pete ya feruzi.

"Chande hana pete," mama mmoja akasema.

Mikono ikachukua kopo mezani, ikalipindua kukung'uta vumbi, na hapo watu wakakiona kitako chake. Kimebonyezwa kwa ndani, shimo la kumeza ngumi nzima! Kopo likajazwa, likamwagwa kikapuni, likajazwa tena. Kisha mwenye mikono akainama, na sura ikaingia. Badawi. Picha za Jumamosi, Badawi. Za Jumapili, Badawi anapiga miayo. Za Jumatatu Badawi tena, anabonyeza kopo jipya kwa nyundo, ulimi nje.

Chande akakaa chini palepale, akaanza kulia kwa furaha bila aibu yoyote. Askari akaweka soda pembeni.

"Wewe mwanamke!" Badawi akafoka. "Nilitaka kamera ya langoni!"

"Ulitaka niifunge maharage yanapopungua."

"Imenionyesha mimi! Juma zima mimi!"

"Imekupenda, tajiri."

"Ni mbovu! Ning'olee sasa hivi!"

"Mbovu wapi? Si unaonekana mpaka kucha?"

Badawi akazunguka akitafuta wa kumtetea. Hakuna aliyesogea. Akaishika runinga kwa mikono miwili, akaitikisa. "Jamani, niambieni ukweli! Kwa siku napata wateja mia! Mia nzima! Mbona humu haonekani hata mmoja?"

Tabu akaikunja ngazi yake, akaiweka begani.

"Si uliniambia wezi tu?"