Isale, Mbuzi na Fimbo ya Uwanda

Hapo zamani, sogeeni niwaambie upesi kabla mtoto hajaamka, palikuwa na kijiji kando ya mto Mkomba, na kati ya nyumba na mto palikuwa na uwanda. Uwanda mtupu, majani tu na vipepeo. Asiyejua angesema hapa pamelala bure. Wapi! Masika mto ukifura, maji yalipanda uwandani yakajinyoosha kama mgeni aliyetandikiwa mkeka, yakapumzika, yakarudi. Hayakugonga mlango wa mtu.

Ndiyo maana wanakijiji waliunda Amana ya Bonde, wakaikabidhi uwanda ule iushike kwa niaba ya wote, waliopo na ambao hawajazaliwa. Sheria yake fupi: hajengi mtu, halimi mtu, haweki mtu ua. Kukata majani ruhusa, kuchunga mbuzi ruhusa. Na Amana ilikuwa na fimbo. Aliyeishika ndiye aliyesema neno la mwisho kila alipotokea mwenye kuutamani uwanda. Mshika fimbo akafa, fimbo ikabaki haina mkono.

Hapo Senkondo akaona mwanya. Senkondo alikuwa na shamba mlimani, ana shamba bondeni, na bado akiona udongo mtupu mate yanamtoka.

Sasa, kule kwao isale si jani la mchezo. Ukitaka kuweka mpaka, unapanda isale. Ukitaka kuomba msamaha, unashika jani la isale. Likishapandwa likanyeshewa mvua, mpaka umekuwa mpaka. Na isale halingʼolewi kwa mkono wa mtu, hata aliyelipanda awe mwizi.

Siku ya gulio kijiji kizima kikavuka mto. Mawingu yamejaa. Senkondo akatoka na mzigo wa masale, panda, panda, panda, akauzunguka uwanda wote huku akiimba wimbo wa kanisani.

Kijijini alibaki Nakijwa, mama kijana, na mwoga jamani, mwoga! Aliogopa radi, aliogopa vyura, aliogopa mama mkwe, na kuliko vyote aliogopa gogo la kuvukia mto, ndiyo maana hakwenda gulioni. Nyumba yake ndiyo ilikuwa ya chini kuliko zote. Akamwona Senkondo kupitia ufa wa mlango, akawaza: huyu akijenga ukuta pale, maji yatalala wapi? Yatalala kitandani kwangu, na mtoto wangu je?

Akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia, akafika kwenye gogo, akapiga magoti akalivuka kwa kutambaa, kafumba macho, anapiga mayowe, mtoto mgongoni anacheka. Gulioni akafika hana pumzi.

"Senkondo... masale... mvua..."

"Kunywa maji kwanza, mama."

"Sitaki maji! Maji ndiyo yanakuja!"

Watu wakaacha ndizi, wakaacha vitenge, wakarudi mbio. Wakamkuta Senkondo amekaa kwenye kigoda, mwavuli tayari mkononi, anaisubiri mvua kama bwana harusi.

"Karibuni shambani kwangu," akasema. "Anayetaka kungʼoa, angʼoe."

Nani angʼoe? Wakatazamana.

Basi palikuwa na mjane mmoja, Nambua, na mbuzi wake aliyemwita Shemeji, kwa sababu alikula kila nyumba bila kukaribishwa. Nambua akatoa chumvi aliyonunua gulioni, akaikoroga ndani ya kibuyu cha maji, akachovya kitita cha majani, akazunguka akiyanyunyizia masale.

"Unafanya nini, Nambua?" Senkondo akauliza.

"Nakubarikia shamba."

"Amina," akasema Senkondo, kafurahi mwenyewe.

Nambua akamfungulia Shemeji. Shemeji akaonja, akaita ukoo wake wote. Wakala majani, wakala shina, mizizi wakaifukua. Likabaki isale moja tu, lile la nyuma ya kigoda.

"Mbuzi hali isale!" Senkondo akapiga kelele.

"Wangu anakula."

Senkondo akaokota kipande, akakilamba. "Chumvi! Huu mkono wa mtu!"

"Mkono wangu haujangʼoa kitu, Senkondo. Aliyengʼoa hana mkono, ana kwato."

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba mila ina meno: anayeharibu isale kwa hila humlipa aliyelipanda kile kilichokuwa ndani ya mpaka. Yaani uwanda wenyewe! Senkondo akatabasamu. Radi ikanguruma. Nakijwa akajifunika tenga.

Ndipo akatoka Nanzia, dada yake Senkondo, tumbo moja. Nanzia alikuwa ameahidiwa na kaka yake kiwanja humo humo uwandani, na mahali pa jiko ameshapachagua. Akachuma jani kwenye lile isale lililobaki, kuchuma si kungʼoa, akapiga magoti.

"Kaka, namwombea Nambua na mbuzi wake. Tusamehe."

"Nanzia, inuka! Na kiwanja chako?"

"Kaka, magoti yangu mabovu. Fanya upesi."

Mtu anayekataa jani la isale hatembelewi, chakula chake hakiliwi, na siku akifa hapati wachimbaji. Senkondo akatazama mbingu, akatazama jani, akatazama mbuzi. "Nimesamehe," akasema, kama aliyemeza nzi. Na jambo lililosamehewa kwa isale halifufuliwi tena.

Mvua ikamwagika. Mto ukapanda, ukajinyoosha uwandani, ukalala. Kwa Nakijwa halikuingia tone, isipokuwa lile la paa bovu.

Jua lilipotoka Amana ikaleta fimbo, wakaifungia jani lile la Nanzia, wakasema: apewe aliyeuokoa uwanda.

Nakijwa akasema, "Kama si mimi, mngerudi mkakuta mvua imenyesha na mpaka umeshika. Woga wangu uliona kabla ya macho yenu."

"Woga wako!" Nambua akamcheka. "Kesho utatuita kwa ajili ya chura. Kama si chumvi yangu, mngesimama hapo mnatazamana mpaka leo. Fimbo inataka mwenye hila."

"Hila yako nusura ituuze sote," akasema Nanzia. "Kama si magoti yangu, uwanda ungekwenda na mbuzi wako ameshiba. Na mimi ndiye pekee niliyepoteza kitu."

"Ulikuwa umeshachagua pa kuweka jiko, Nanzia," Nakijwa akamjibu, akijificha nyuma ya mtoto wake. "Kaka yako akikulilia, utamnyima?"

Senkondo naye, hana haya, akainua mkono. "Na mimi? Kama nisingesamehe je?"

Wakamzomea, lakini mzee mmoja wa Amana akakuna kichwa.

Wakabishana, wakabishana, fimbo imelala majanini na jani lake bichi. Mwoga angeulinda uwanda, au angewachosha watu kwa mayowe? Mwenye hila angeulinda, au angeuponza? Aliyekiacha kiwanja chake angeulinda, au damu ingemwita?

Nami nawauliza ninyi mnaocheka hapo: je, nani alistahili fimbo? Jibuni upesi, maana mawingu yanarudi, na Shemeji ameshaanza kuinusa.