Kwa Nini Njugu za Nyakisure Hulala Chini ya Miiba

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1908, Nyanjura binti Masatu Mafuru alilikuta tuta lake la kwanza la njugu mawe limefukuliwa. Zama hizo, katika kijiji cha Nyakisure kando ya ziwa, bustani hazikujua miiba wala majivu. Mtu alipanda, akaunyunyizia udongo maji aliyooshea samaki, akaenda zake. Iliaminika kwamba maji hayo ya shombo huiamsha ardhi, na hapakuwa na mama mwenye kujiheshimu aliyepanda bila hayo.

Ukame wa miaka miwili ulikuwa umezimaliza mbegu za kijiji kizima. Kilichosalia ni kibaba kimoja ambacho Nyanjura aliachiwa na marehemu mama yake. Kikipotea hicho, njugu zimepotea kwa wote.

Alichutama akatazama. Hapa paliachwa vipande vya mbegu vilivyotafunwa, kazi ya kindi bila shaka. Lakini pale palikuwa na shimo pana kama bakuli, na kindi hana mguu wa kuchimba bakuli. Kichwa kikaanza kumzunguka.

Nyabise, dada wa mumewe, alikuja kutazama, mikono kiunoni.

"Wifi, ulipanda mbegu au uliandaa karamu?"

"Kindi wamenimaliza, wifi."

"Na huyo mbwa mnamfuga wa nini? Wa kupiga miayo? Mfunge shambani, naye atoke jasho."

Jumatatu, tarehe 16, Nyanjura alipanda tuta la pili, akalinyunyizia maji ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kama ada, akamfunga mbwa papo hapo. Kulipokucha tuta lilikuwa bonde. Mbwa alikuwa na udongo hadi machoni, akitikisa mkia kama mtu anayengoja kusifiwa. Nyanjura alidhani amekesha akiwafukuza kindi hadi chini ya ardhi. Akamsifu.

Tarehe 18 alipanda la tatu, akalinyunyizia vilevile, akamweka paka alinde. Paka alilichakura tuta kutoka mwisho hadi mwisho, kisha akakaa juu yake akijilamba makucha. Mbegu zilizobaki sasa zilikuwa konzi moja tu. Nyanjura hakuelewa tena anaishi dunia gani: kila aliyewekwa mlinzi alichimba kuliko mwizi, na mwizi mwenyewe hakuonekana. Alifikia hata kuitazama miguu yake mwenyewe, asije akawa yeye ndiye anayefukua usingizini.

Jumamosi, tarehe 21, mchana, aliosha samaki, akaenda kunyunyiza maji, akarudi jikoni, akaikuta ile konzi ya mwisho bado ipo. Aliporejea nayo shambani alisimama akiduwaa. Alikuwa amepitiwa: amenyunyizia tuta ambalo hajapanda kitu ndani yake. Na katika tuta hilo tupu, mbwa na paka walikuwa wamezama hadi mabegani, wakirusha udongo.

"Mnatafuta nini humo?" aliwapigia kelele. "Humo hamna kitu!"

Hawakusikia. Nyanjura aliinua mkono amrushie mbwa bonge la udongo, na mkono ulipopita karibu na uso wake, akaisikia harufu ya samaki.

Konzi ile aliipanda kwa maji matupu ya ziwani. Akatandaza majivu juu yake kuua shombo lililosalia, kisha akalaza matawi ya miiba kwa ajili ya kindi, ambao kweli walikuwa wakija kuokota kilichofukuliwa na mbwa na paka. Tarehe 5 Desemba yalichipua machipukizi thelathini na moja. Nyabise alikuja kuyaona, akakanyaga mwiba.

"Wifi! Unatega watu siku hizi?"

"Nimewatega wenye mikia, wifi. Wewe umejileta."

Kuanzia msimu ule, watu wa Nyakisure huoshea samaki chini kwenye miamba, mbali na bustani, na hakuna anayepanda njugu pasipo majivu na miiba. Kila njugu mawe inayoliwa huko leo ni mjukuu wa yale thelathini na moja.

Watu wa ng'ambo husimulia kwamba Nyanjura alikuwa mwenye hekima, na kwamba alilinyunyizia tuta tupu makusudi ili kuwajaribu wanyama. Wamekosea. Hakujaribu kitu. Alikuwa amechanganyikiwa, akasahau kupanda. Na lau angekumbuka, sisi tusingezijua njugu.